"Daktari, nimruhusu tena apande baiskeli?"

Jumatatu moja asubuhi aliingia kliniki mama mmoja akiwa na mwanawe wa miaka 13. Kijana alinipa shikamoo, akaketi, akavua kofia. Juu ya sikio la kushoto alikuwa na kovu lililopinda kama mwezi mchanga, na nywele ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuota pembeni yake.

Wiki sita nyuma alikuwa akirudi kutoka shule kwa baiskeli. Daladala ilimpita kwa kasi, kisha ikakata kushoto kuwahi abiria kituoni. Kijana akakosa pa kwenda. Tairi la mbele liligonga ukingo wa barabara, naye akaangukia kichwa. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akawaambia waliokuwa kituoni kuwa hajaumia, akaisukuma baiskeli yake mpaka nyumbani.

Jioni alitapika mara mbili. Saa mbili usiku mama yake alipomwamsha ale, hakuamka vizuri. Bahati yao jirani alikuwa na gari. Usiku uleule alifanyiwa upasuaji wa kuondoa damu iliyokuwa imevilia kati ya fuvu na ubongo. Wangesubiri kukuche, kijana huyu nisingemwona kliniki.

Nilimpima macho, kumbukumbu, nguvu za mikono na mwendo wake. Kila kitu kilikuwa sawa. Walipokuwa wanainuka kuondoka, mama akageuka: "Daktari, nimruhusu tena apande baiskeli?"

Nilijibu upesi, kama anavyojibu daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango: "Hapana, mama. Iuzeni tu."

Alinyamaza kidogo. "Sawa. Na shule ataendaje?"

Akanieleza. Shule iko kilomita 5 kutoka nyumbani. Asubuhi makondakta wanawakwepa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo, na mtoto anaweza kusimama kituoni saa nzima. Bodaboda ya kila siku hela hana, na bodaboda nazo anaziogopa. Akimwambia atembee, atatembea pembeni mwa barabara ileile, mbele ya daladala zilezile, tena kwa muda mrefu zaidi.

Sikuwa na jibu la maana siku ile. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa, na nawaandikia wazazi wote wenye swali kama lake.

Tatizo si baiskeli

Ukikaa katika chumba cha wagonjwa wa dharura kwenye jiji kama Dar es Salaam, utawajua wanaoendesha baiskeli. Ni muuza mkate anayetoka kabla ya jua. Ni muuza madafu, aliyebeba mzigo unaomzidi uzito. Ni mtu wa mkaa kutoka pembezoni mwa mji, fundi anayewahi saiti, na mwanafunzi mwenye begi mgongoni. Wachache sana kati yao wanapanda baiskeli kwa starehe. Wanapanda kwa sababu ndiyo njia wanayoimudu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua, kuliko ugonjwa wowote mmoja. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki, yaani watu wasio na bati wala mkanda wa kuwakinga. Na zaidi ya vifo 9 katika kila 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Tukiona takwimu kama hizi, wengi wetu tunaamua kama nilivyoamua mimi: mwondoe mtoto kwenye baiskeli. Lakini baiskeli yenyewe haimpasui mtu fuvu. Kinachopasua fuvu ni mwendo wa gari lililo karibu naye, na kukosa mahali pake pa kupita.

Mwili wa binadamu una kikomo chake

Chukua mfano huu. Dereva anaendesha kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kisheria katika maeneo ya makazi. Mtoto wa baiskeli anajitokeza mbele yake. Dereva makini anahitaji kama sekunde moja kuona, kuelewa na kupeleka mguu kwenye breki. Katika sekunde hiyo gari limeshasogea mita 14. Kisha breki zinahitaji karibu mita nyingine 14 kulisimamisha, kama lami ni kavu na breki ni nzima. Jumla ni mita 28.

Gari hilohilo likiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, litasimama ndani ya mita 13 hivi.

Sasa mweke mtoto mita 13 mbele ya gari. Kwenye mwendo wa 30, gari linasimama mbele yake. Kwenye mwendo wa 50, dereva hajaanza hata kukanyaga breki, na mtoto anagongwa kwa mwendo kamili. Mtoto ni yuleyule na dereva ni yuleyule, lakini mmoja anarudi nyumbani na hofu, mwingine analetwa kwetu.

Ndiyo maana WHO inasema kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Mifupa, ini, wengu na ubongo vina kiasi vinachoweza kuvumilia, na kiasi hicho hakibadiliki kwa kuwa dereva ana haraka.

Watoto wana udhaifu mwingine ambao si kosa lao. Mtoto aliye chini ya miaka 10, kwa kawaida, bado hawezi kukadiria vizuri kasi ya gari linalokuja wala umbali lilipo. Ni mfupi, hivyo haoni juu ya magari yaliyoegeshwa, na madereva hawamwoni. Tunaweza kumfundisha sheria zote, lakini hatuwezi kumkuza ubongo kabla ya wakati wake.

Na bado baiskeli ni dawa

Upande wa pili wa kliniki yangu wanakaa wagonjwa wa kisukari aina ya pili na shinikizo la juu la damu. Miaka ya nyuma wengi walikuwa watu wazima wenye wajukuu. Siku hizi nawaona wa miaka 30 na kitu, waliokaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni.

WHO inashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Kijana wetu, kwa kilomita zake 5 kwenda na 5 kurudi, alikuwa anapata dakika 40 hadi 50 za mazoezi kila siku ya shule, bila ada ya gym na bila kuhimizwa na mtu.

Utafiti mmoja wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliwafuatilia watu zaidi ya 260,000. Waliokuwa wakienda kazini kwa baiskeli walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi cha utafiti kwa asilimia 41, ukiwalinganisha na waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Watafiti walizingatia pia umri, sigara na chakula, na tofauti bado ilibaki.

Kwa hiyo nilipomwambia yule mama auze baiskeli, nilimwondolea mwanawe hatari moja na nikamwondolea pia kinga. Daktari hatakiwi kufanya hivyo akifikiri kazi yake imekwisha. Swali sahihi lilikuwa: tufanye nini ili apande na asiumie?

Mstari wa rangi hauzuii lori

Jibu lenye nguvu kuliko yote ni njia ya baiskeli iliyotengwa. Simaanishi mstari mweupe uliochorwa pembeni mwa lami. Mstari wa rangi hauzuii lori, hauzuii daladala inayowahi abiria, wala hauzuii mtu kuegesha gari. Namaanisha njia yenye kizuizi halisi kati ya baiskeli na magari: ukingo wa zege, nguzo fupi, mtaro uliofunikwa au njia iliyoinuliwa juu ya lami.

Kizuizi hicho kinafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, kinaondoa ajali ya kugongwa kwa nyuma au kubanwa ubavuni, ambayo muendesha baiskeli hana namna ya kuikwepa kwa sababu haioni ikija. Pili, kinamwondoa mwenye baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu, ambako naye huwa hatari kwa mama mjamzito na mzee mwenye mkongojo. Tatu, kinaifanya barabara ya magari ionekane nyembamba, na dereva akiona barabara nyembamba hupunguza mwendo mwenyewe.

Njia nzuri huangalia pia sehemu mbili ngumu. Ya kwanza ni kituo cha daladala: njia ya baiskeli inapitishwa nyuma ya kituo, ili basi likiingia lisikutane na baiskeli. Kijana wetu angekuwa anapita nyuma ya kibanda cha kituo, ile daladala isingemgusa. Ya pili ni makutano, ambako gari linakata kona kushoto na kuikata njia ya baiskeli. Hapo panatakiwa tuta au kivuko kilichoinuliwa na kona kali kidogo, ili gari likate kona taratibu.

Watafiti nchini Marekani walichunguza majiji 12 makubwa kwa kipindi cha miaka 13, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2019. Majiji yenye njia za baiskeli zilizotengwa yalikuwa na vifo vichache vya barabarani kwa watu wote, wakiwamo wenye magari. Mstari wa rangi peke yake haukuonyesha faida hiyo. Hili nalisema kwa ajili ya mzazi mwenye gari anayedhani habari hii haimhusu.

Wapo waliofika huko wakiwa na uchungu kama wetu. Uholanzi, ambayo leo watu wanaitaja kama nchi ya baiskeli, haikuzaliwa hivyo. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani katika harakati iliyoitwa Stop de Kindermoord, yaani "Acheni kuua watoto". Walifunga barabara, wakaketi juu ya lami na watoto wao, wakapeleka madai yao kwa wanasiasa. Miaka iliyofuata nchi ile ikaanza kujenga njia za baiskeli zilizotengwa na kupunguza mwendo wa magari mitaani. Leo watu wameongezeka na magari yameongezeka, lakini vifo vya barabarani kwa mwaka viko chini ya 1,000.

Na hapa kwetu je? Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kivukoni ilipata kitu ambacho wengi hawakukitazama: kandokando yake, njia za waenda kwa miguu na za baiskeli zilizo nje ya lami ya magari. Mradi huo ndio uliolipa jiji Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Kwa hiyo tusiambiane kuwa haiwezekani Afrika. Imeshawezekana Magomeni.

Tatizo ni kuzilinda. Pita leo sehemu ya njia hizo na hesabu vitu vinavyoifunga: bodaboda inayokwepa foleni, gari lililoegeshwa "dakika mbili tu", meza ya matunda, lundo la mchanga. Kila kimoja kinamrudisha mwenye baiskeli kwenye lami, katikati ya magari, bila taarifa. Simlaumu mama muuza matunda, naye anatafuta riziki na anahitaji kutengewa mahali. Lakini njia iliyofungwa ni sawa na dawa iliyokwisha muda: jina lipo, tiba haipo.

Mfano mwingine wa hapa Dar es Salaam ni mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioshughulikia barabara zinazozunguka shule za msingi. Wao hawakujenga vitu vya gharama kubwa. Waliweka matuta, vivuko vya pundamilia, alama, nguzo fupi za kuzuia magari na njia za miguu, na pale ilipofaa walihamisha geti la shule litazame barabara tulivu. Majeruhi miongoni mwa watoto katika maeneo hayo yalipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Ulilenga zaidi watoto wanaotembea, lakini tuta na nguzo vinamlinda pia mtoto wa baiskeli.

Mzazi, wakati tunasubiri njia

Barabara haijengwi kwa wiki moja, na shule inafunguliwa Jumatatu. Haya ndiyo unayoweza kufanya sasa.

Chagua njia pamoja naye. Siku ya mapumziko, pitieni wote wawili njia ya kwenda shule. Njia ndefu kidogo inayopita mitaa ya ndani yenye matuta ni bora kuliko fupi ya barabara kuu. Mwonyeshe mahali pa kushuka na kuisukuma baiskeli: makutano makubwa, daraja jembamba, stendi. Kushuka si uoga. Mtoto aliye chini ya miaka 10 asipelekwe barabara kuu peke yake.

Kofia ngumu. Helmeti haizuii ajali, ila inapunguza sana uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa. Tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja zinaonyesha kuwa hatari hiyo hupungua kwa zaidi ya nusu. Ivalishwe ikae sawa, si kusukumwa nyuma kama kofia ya sherehe: ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi, kamba zikutane chini ya sikio, na kidevuni pabaki nafasi ya vidole viwili tu. Ikishagonga chini kwa nguvu, ibadilishe hata kama haionekani kupasuka, kwa sababu povu la ndani hufanya kazi mara moja. Ukinunua ya mtumba, ikague nyufa kwanza.

Baiskeli imtoshe. Tusinunue kubwa "ili aikulie". Akiketi, miguu yake iweze kufika chini. Breki zote mbili zishike, kengele ilie, cheni isilegee. Vipini vya usukani viwe na mpira mwishoni, na nitaeleza hapa chini kwa nini.

Aonekane. Wengi wa watoto wetu hutoka nyumbani saa 11 au saa 12 alfajiri, kiza bado kipo. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na mkanda unaong'aa ukipigwa na mwanga begani au kwenye begi. Sare ya rangi ya bluu iliyoiva haionekani gizani.

Mfundishe hatari tatu. Asikae kamwe ubavuni kwa lori au basi, hasa upande wa kushoto, kwani dereva akikata kona hamwoni. Asipite karibu sana na magari yaliyoegeshwa, mlango unaweza kufunguliwa ghafla. Asijaribu kuipita daladala iliyosimama kwa upande wa kituo, abiria wanashuka. Na spika za masikioni zibaki nyumbani.

Ukimpakia mdogo kwenye keria, mwekee kikinga cha miguu. Kila mwezi tunawaona watoto ambao kisigino kimeingia kwenye njiti za gurudumu. Ngozi huchunika na mfupa huweza kuvunjika, na kidonda cha kisigino kinachelewa sana kupona.

Akianguka

Kama hazinduki, au analalamika shingo, asinyanyuliwe mikono na miguu na kutupwa kwenye bajaji. Mtu mmoja ashike kichwa na shingo visitikisike, wengine wambebe mwili ukiwa umenyooka, ikiwezekana juu ya ubao. Akitapika, mgeuzeni ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja. Damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Msimpe maji, soda wala chakula, anaweza kuhitaji upasuaji. Kidonda kisitiwe majivu, kahawa wala dawa ya meno. Kioshwe kwa maji safi, na ulizieni chanjo ya pepopunda hospitalini.

Fomu ya polisi ya PF3 ni muhimu, lakini mgonjwa mahututi apelekwe kwanza kutibiwa. Mtu mwingine anaweza kuifuatilia.

Sasa sikiliza kwa makini sehemu hii, maana ndiyo iliyokaribia kumwondoa kijana wetu. Mtoto aliyegonga kichwa anaweza kuinuka, kuongea na kucheka, kisha akabadilika saa kadhaa baadaye. Damu inavuja polepole ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Mwangalie kwa karibu kwa saa 24 hadi 48. Mkimbize hospitali yenye uwezo wa kupiga picha ya kichwa ukiona lolote kati ya haya:

• anatapika zaidi ya mara moja;
• kichwa kinazidi kumuuma;
• ana usingizi usio wa kawaida au haamki vizuri;
• anaongea ovyo, hawatambui watu au amebadilika tabia;
• degedege;
• mkono au mguu mmoja umelegea;
• mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine;
• maji au damu vinatoka puani au masikioni.

Kwa maumivu mpe paracetamol. Usimpe aspirini, diclofenac wala ibuprofen kabla ya kuonwa na daktari, kwani zinaweza kuongeza uvujaji wa damu. Na wanaosema "asilale kabisa" wanamtesa bure mtoto aliyekwisha kuonwa na daktari na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Huyo anaweza kulala, ila mwamsheni mara kwa mara usiku wa kwanza kuhakikisha anawatambua na kujibu.

Jambo la pili ambalo wazazi hawalijui ni tumbo. Mtoto anapoanguka, ncha ya usukani inaweza kumchoma tumboni kama mkuki butu. Nje huonekana alama ndogo ya duara, pengine hakuna kitu kabisa. Ndani, wengu au ini vinaweza kuwa vimepasuka, au kongosho na utumbo vimeumia. Maumivu huweza kuja siku moja au mbili baadaye. Mtoto aliyegongwa tumbo na usukani, akaanza kulalamika tumbo, kutapika, kupauka au kuhisi kizunguzungu, aletwe hospitali hata kama ajali ilikuwa juzi. Na mtueleze kuwa alianguka na baiskeli. Watoto wengi huficha kwa kuogopa kuchapwa. Mtoto asiyeogopa kusema ameanguka hutibiwa mapema.

Nani wa kumwendea

Njia ya baiskeli haiandikwi na daktari kwenye cheti cha dawa. Ningeweza, ningeandika. Lakini wazazi wana uwezo mkubwa kuliko wanavyodhani.

Barabara za mitaa na wilaya ziko chini ya TARURA. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Anzeni kwenye kikao cha wazazi cha shule: kila darasa litaje mahali watoto walipogongwa au kukoswakoswa. Mtashangaa, mahali hapo hujirudia. Andikeni barua moja fupi yenye mahali hapo, saa zenye hatari na ombi moja mahususi, mfano nguzo fupi mita 200 kabla na baada ya geti la shule, au tuta. Ipitishwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na diwani, nakala iende kwa mkuu wa kikosi cha usalama barabarani wa wilaya. Barabara mpya inapotangazwa kujengwa mtaani kwenu, hudhurieni mkutano mapema mkaulize: baiskeli zitapita wapi? Kuongeza njia wakati wa ujenzi ni rahisi kuliko kuvunja baadaye.

Na kama una gari, una mchango wako leo jioni. Punguza mwendo karibu na shule. Ukimpita mwenye baiskeli, mwachie nafasi isiyopungua mita moja na nusu. Usiegeshe kwenye njia yake.

Jibu la swali

Yule mama alirudi mwezi uliopita kwa ukaguzi wa mwisho wa mwanawe. Safari hii sikumjibu haraka. Tulichukua karatasi, kijana akachora njia anayopita kwenda shule, na pamoja tukatafuta nyingine ya mitaa ya nyuma. Inaongeza kilomita moja. Kuna makutano mawili ya kushuka na kusukuma, na kipande kifupi cha barabara kuu ambacho hakikwepeki.

"Kipande hiki je?" mama aliuliza, kidole kikiwa juu ya mchoro.

Nilimwambia ukweli: hapo helmeti itasaidia na macho yake yatasaidia, lakini kinachotakiwa hapo ni ukingo wa zege wa kutenganisha baiskeli na magari. Niliandika barua ya kitabibu kwa kamati ya shule, nikaeleza jeraha lilivyotokea na mahali lilipotokea, bila kutaja jina la mtoto. Mama aliikunja akaitia kwenye pochi pamoja na kadi ya kliniki.

Kijana alikuwa ameshafika mlangoni. Helmeti ilikuwa imening'inia kwenye begi. Nilimwita, nikamwomba aivae mbele yangu, nikapima vidole viwili juu ya nyusi. Ilikaa sawasawa.